Freti ya Kumi na Mbili

Mzee alilirudisha gitaa siku ya tatu. Alikuja nalo mgongoni, limefungwa kwa kitenge cha mkewe, akaketi kwenye kigoda changu pale nje na kulifungua polepole kama mtu anayemteremsha mtoto aliyelala. Hakulalamika. Alishika uzi mnene kwenye freti ya 12, akaupiga pamoja na uzi mwembamba ulio mtupu. Zote mbili ni mi, zilipaswa kulala pamoja zikawa sauti moja. Badala yake zilisukumana, zikayumba hewani, wuu, wuu, wuu, hata binti yangu aliyekuwa akiosha vyombo akageuka kutazama.

"Fundi," akasema, "karibu na kichwa linasema kweli. Likifika tumboni linadanganya."

"Nisamehe, Mzee. Nitakurudishia pesa yako."

"Pesa nimekuomba? Nataka gitaa."

Gitaa hilohilo lilikuwa limesifiwa mno. Wageni waliotembelea kambi waliliinua juu, wakalipiga picha, wakaambiana kwamba mkimbizi amelitengeneza kwa mbao za kitanda na spoki za baiskeli. Walinipongeza kwa moyo safi, nami nilifurahi. Lakini hakuna aliyeuliza kama linaimba sawa. Mzee, aliyepiga gitaa Lubumbashi tangu ujanani, hakujali mbao zilitoka wapi. Alitaka kupiga sebene Jumapili kanisani bila kuikwepa nusu ya shingo. Yeye ndiye wa kwanza kunipima kama fundi wa magitaa, na siku hiyo ndiyo ninayoihesabu kuwa mwanzo wa kazi yangu, ingawa randa nilikuwa nimeishika tangu utotoni.

Randa nilifundishwa na baba, Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika. Tulitengeneza milango, vitanda, na majeneza mengi kuliko nilivyopenda. Baba alikuwa na redio, na alipenda sana gitaa kavu la Katanga, la Mwenda Jean-Bosco, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 pale Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi. Gumba linashika njia, kidole cha shahada kinatembea juu yake. Baba alikuwa akipiga randa kwa mwendo wa nyimbo hizo. Mimi sikuwahi kujua kupiga gitaa vizuri, na sijui mpaka leo. Nilichopata kwake ni sikio.

Vita vilituondoa. Tulivuka ziwa hadi Kigoma, tukashuka Mbeya, tukavuka Songwe, tukalala Karonga, na mwaka 2009 tukapokewa Dzaleka, wilaya ya Dowa, kama kilomita 40 kutoka Lilongwe. Mahali hapa palikuwa gereza enzi za Kamuzu Banda. Jina lenyewe kwa Kichewa ni kauli ya mfungwa anayeapa kwamba hatarudia tena. Kambi ilifunguliwa mwaka 1994 kwa ajili ya watu elfu kumi na kitu. Sasa tumepita 50,000, Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na wengine. Mitaa ina majina ya Malawi: Lisungwi, Likuni, Karonga, Kawale. Sisi tulijenga Kawale, nyumba ya matofali mabichi.

Kawale nyingine iko Lilongwe, na huko pia nimeishi. Nilipata kibarua kwenye karakana ya makochi karibu na soko, nikapanga chumba, nikakaa miaka kumi. Huko ndiko nilikojifunza mbao za nchi hii. Mninga wanauita mlombwa. Mkangazi wanauita mbawa. Paini inashuka kwa malori kutoka Chikangawa. Vipande vya pembeni ambavyo havifai kochi nilivirundika chini ya kitanda, mke wangu akavumilia.

Barabarani walipita vijana wa Kimalawi na mabanjo ya kopo, na babatoni, lile gitaa refu la uzi mmoja linalolazwa chini na kupigwa kwa chupa. Wanamuziki wawili wa Lilongwe, Madalitso Band, wameifikisha babatoni hadi majukwaa ya Ulaya. Nilikuwa nikisimama kuwatazama vijana hao mpaka bosi aniite. Kijana mmoja niliyemkazia shingo ya banjo lake aliniuliza, "Achimwene, la umeme unaweza?" Nikajibu naweza. Sikuwa hata nimewahi kulifungua moja.

Ukilifungua, utashangaa jinsi lilivyo jepesi kueleweka na gumu kutengeneza. Kinachosikia nyuzi ni kile ambacho sisi Wakongo tunakiita mikro na vijana waliosoma Kiingereza wanakiita pikapu. Ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme mdogo sana unazaliwa ndani ya waya, unakwenda kwenye ampli. Hauhitaji betri wala ukuta. Ndiyo maana nyuzi za nailoni kwenye gitaa hili ni bubu: sumaku haizijui.

Waya wenyewe ni mwembamba kuliko unywele, na unahitaji kuuzungusha kama mara 7,000. Mzunguko mmoja ni sentimita 13 au 14. Jumlisha, ni karibu kilomita nzima ya waya ndani ya kitu kinachotoshea kiganjani. Niliufungua kutoka kwenye transfoma ndogo za redio zilizotupwa. Transfoma moja haitoshi, kwa hiyo niliunganisha vipande vinne kwa lehemu, kila kiungo nikakipaka vanishi na kusubiri kikauke. Hiyo ilikuwa mwaka 2022. Mwezi Januari dhoruba Ana ilikuwa imeharibu bwawa la Kapichira, na umeme Lilongwe ulikuwa unakatika kila siku. Drili haikuwa na faida. Nikachukua cherehani ya mkono ya mke wangu, nikafunga kibao cha koili kwenye gurudumu, nikazungusha taratibu, waya ukipita katikati ya vidole viwili vyenye kipande cha pamba. Ukiukaza unakatika, ukiulegeza unavimba. Kuhesabu nilitumia kikokotoo cha shule: andika 1 + 1, halafu kila ukibonyeza alama ya sawasawa kinaongeza moja. Nilikifungua, nikatoa nyaya mbili kutoka kwenye kitufe hicho, na kisumaku kwenye gurudumu kikawa kinazigusanisha kupitia swichi ndogo kila mzunguko. Mshumaa ukiwaka, namba zikipanda, 3,411, 3,412, mke wangu akiwa amelala. Nimewahi kufanya kazi zenye malipo makubwa kuliko ile, lakini hakuna niliyoipenda hivyo.

Waya ulikatika mara mbili. Mara ya tatu multimita ikasoma zaidi ya omu elfu tano, nikajua koili ni nzima.

Mwaka 2023 ilitoka amri kwamba wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi Dzaleka. Nilifungasha randa, patasi, jiriwa, cherehani, na gitaa ambalo halijamalizika, nikapanda gari la matola kurudi Kawale ya kwanza. Karakana yangu tangu hapo ni upenu wa nyuma ya nyumba, hatua nne kwa tatu, paa la turubai. Hapo ndipo nilipolimaliza, hapo wageni walilipiga picha, na hapo Mzee aliliona, akalinunua, akalirudisha.

Kosa lilikuwa kwenye freti, na lilikuwa langu. Banjo nilifundishwa hivi: pima urefu wa uzi, gawa kwa 18, weka freti ya kwanza, pima kilichobaki, gawa tena kwa 18, weka ya pili, endelea. Kanuni hiyo si ya ovyo. Jirani yangu, mwalimu wa hesabu kutoka Burundi, alinionyesha kwamba Vincenzo Galilei, baba wa yule Galileo wa nyota, aliiandika kwenye kitabu cha mwaka 1581. Ila mimi niliifuata kwa futi ya seremala, kila freti nikiipima kutoka kwa mwenzake na kukata nusu milimita zilizobaki. Kosa dogo la freti ya kwanza likaingia ya pili, la pili likaingia ya tatu. Hadi ya 12 nilikuwa nimepungukiwa milimita tatu, na kwenye kazi hii milimita tatu ni nyingi kuliko kwenye mlango. Nilijaribu kusogeza daraja. Ya 12 ikakaa sawa, ya 5 ikaharibika.

Mwalimu akachukua kijiti, akaandika kwenye vumbi. Kila freti inapandisha nusu sauti. Nusu sauti 12 zinafanya oktavu, na oktavu ni mtikisiko mara mbili. Kwa hiyo tafuta namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe mara 12 unapata 2: ni 1.0595 hivi. Kutoka hapo inazaliwa 17.817, na hiyo ndiyo ya kugawia badala ya 18. Uzi wangu una milimita 648. Freti ya kwanza, 36.37 kutoka kichwani. Ya pili, 70.70. Ya 12 lazima iangukie 324, nusu kamili. Ikikataa, umekosea mahali, anza upya. "Na zote," mwalimu alinisisitizia, "zipime kutoka mahali pamoja. Usiiulize freti ilipo jirani yake."

Niling'oa ubao wa zamani kwa pasi ya moto na kisu cha kupakia siagi. Ubao mpya ulikuwa wa mpingo, ambao Wamalawi wanauita phingo, niliotafutiwa kwa wachonga vinyago wanaouza karibu na posta ya mjini Lilongwe. Ni mti mgumu ajabu. Unakula meno ya msumeno, unavunja makali ya randa, na vumbi lake jeusi linakaa puani siku mbili. Alama sikuziweka kwa penseli, maana mstari wa penseli nao una unene. Niliziweka kwa wembe, rula ya chuma imebanwa isisogee, jua la saa tatu asubuhi likipiga kwa ubavu ili mkwaruzo uonekane. Alama 21. Niliziangalia jioni, nikaziangalia tena kesho yake kabla ya kugusa msumeno. Spoki zina unene wa milimita 2. Nilizilaza nusu ndani ya mfereji, nusu nje, nikazisawazisha kwa tupa bapa hadi rula ikalala juu yake bila mwanga kupita chini.

Ndani ya shingo nikapitisha nondo ya milimita 6 yenye nati mwishoni. Nyuzi sita zinavuta kwa pamoja karibu kilo 40, mchana na usiku, na mbao za hapa zinakunywa unyevu kuanzia Novemba mvua zikianza. Bila nondo shingo inapinda kama upinde. Na kulikuwa na mvumo mmoja ulionisumbua wiki nzima, hadi nilipounganisha daraja na waya wa ardhi.

Mzee nilimpelekea mwenyewe, Likuni, jioni ya Jumamosi. Ampli yake ni ya redio ya gari, inakula betri ya pikipiki. Aliketi, akashika uzi mnene kwenye freti ya 12, akaupiga pamoja na ule mwembamba. Nilishusha macho, nikasikiliza. Haikuyumba. Akarudia. Akajaribu ya 14, ya 17, akirudi ya 5 kila mara, kichwa ameinamisha. Kisha akanipa koleo.

"Toa uzi wa nne, mwanangu. Niwekee mwembamba, upandishe oktavu."

Nilijua alichotaka. Ndiyo mi-composé, gitaa la katikati kwenye bendi za Kongo, uzi wa nne umeachia sauti yake nene na kulia juu pamoja na wadogo zake. Niliubadilisha, nikaukaza, akausikiliza na kuniashiria kwa kidole: bado, bado, hapo. Wajukuu wake walikuwa wamekuja mlangoni. Akaanza kupiga, mkono umekaa kule tumboni, na hakurudi kichwani mpaka betri ilipokwisha.