Mwalimu Anayenyamaza

Kuna mbinu ya kufundisha lugha za kigeni iitwayo Njia ya Kimya. Caleb Gattegno, mzaliwa wa Alexandria, Misri, aliieleza kitabuni mwaka 1963. Mwalimu hutamka neno mara moja, kisha hunyamaza. Huinua vijiti vya rangi, nao wanafunzi huunda sentensi wenyewe: kijiti chekundu, vijiti viwili vyekundu. Mtu akikosea, hapewi jibu. Mwalimu huonyesha tu palipo na kosa.

Sisi waandishi wa programu twaijua hali hii. Tarakilishi hukuambia mstari wa 40 una hitilafu, basi. Kurekebisha ni shauri lako.

Ndiyo maana programu ya Kifaransa ninayomwandikia mpwa wangu haina kitufe cha jibu. “Mjomba, kiweke bwana!” ananisihi kila siku. Nimekataa, lakini nina wasiwasi. Mwalimu wa Gattegno hunyamaza huku akiwatazama wanafunzi, akajua nani anafikiri na nani amekata tamaa. Programu yangu haioni uso wa mtoto. Akichoka, ataifunga tu, na Kifaransa kitaishia hapo.

Je, msomaji, wewe ungekiweka kitufe hicho?