Bustani ya Kisangani

Mtu atokaye Lubumbashi kwenda kukaa Kisangani hudhani amehama mji tu. Kumbe amehama na hewa pia. Lubumbashi iko juu ya uwanda, karibu meta 1,200 juu ya usawa wa bahari. Huko mvua hukoma tangu mwezi wa tano hata mwezi wa tisa, na usiku wa mwezi wa sita na wa saba baridi yaweza kushuka chini ya digrii 10. Kisangani iko chini, kama meta 400, jirani na ikweta. Hakuna mwezi upitao bila mvua. Mchana joto hufika digrii 30, na usiku halishuki sana chini ya 20. Viatu vikiachwa chini ya kitanda juma moja huota ukungu.

Nilipohamia huko kufundisha, nilichukua mbegu za kabichi, viazi ulaya vya kupanda, na vipandikizi vitatu vya waridi, vilivyokatwa katika bustani ya marehemu mama yangu. Nikalima nyuma ya nyumba, nikatia mbolea ya kuku, nikapanda. Lo! Viazi vilitoa mashina marefu yenye majani ya kupendeza, lakini nilipochimba nikakuta vijiazi kama punje za maharagwe. Kabichi zilikataa kufunga vichwa. Waridi mbili ziliota madoa meusi, zikapukutika majani, zikafa. Fedha ya mbegu niliisahau upesi. Yale mawaridi sikuyasahau.

Mama mmoja mzee, jirani yangu, alikuwa akinitazama siku zote hizo kutoka upande wa pili wa ua. Mwishowe akaniambia, “Mwalimu, usiusingizie udongo. Mimea yako inangoja baridi, nasi hapa hatuna baridi ya kuipa.”

Alisema kweli kabisa. Mchana mmea hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Usiku hutumia sehemu ya akiba hiyo kwa kupumua, na usiku ukiwa wa joto hutumia zaidi. Kiazi ulaya, ambacho asili yake ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, hutaka usiku wa baridi ndipo kijaze chini. Joto la usiku likizidi digrii 20, nguvu yake huishia katika majani. Tena jani lililolowa saa nyingi huwa makao ya kuvu, ndiyo yaletayo madoa yale meusi. Mizizi nayo yataka hewa: udongo ukijaa maji siku nyingi, husongwa na kuoza.

Basi mama yule akanifundisha kuchagua. Kwanza niinue matuta, maji yapate kutiririka. Nisipande kwa kubananisha, upepo upite kati ya mimea na kukausha majani. Kisha akaniletea lengalenga, bamia, matembele, na nderema, mboga itambaayo yenye majani manene ya utelezi, ambayo kadiri joto na mvua vinavyozidi ndivyo inavyostawi. Kwenye pembe ya kiwanja tukapanda msafu, mti wa misitu yetu wenyewe, ingawa matunda yake huchukua miaka kadhaa kuja.

Kwa maua nilichagua kana na helikonia, wageni waliotoka nchi za joto za Amerika, na krotoni za visiwa vya Pasifiki, ambazo majani yake yana rangi mwaka mzima. Bogenvilia sikuipanda. Watu huisifu, lakini hupenda kupata kiangazi ndipo itoe maua mengi. Katika mvua isiyokoma huwa miiba na majani tu.

Likizo moja nilishuka mto kwa mtumbwi wa injini hata Yangambi, kama kilometa 100 kutoka Kisangani, penye kituo cha utafiti wa kilimo kilichoanzishwa mwaka 1933. Huko Beirnaert na Vanderweyen walionyesha, katika kitabu chao cha mwaka 1941, kwamba mchikichi wa kokwa lenye gamba nene ukizalishwa na ule usio na gamba, huzaa mchikichi wa gamba jembamba, wenye nyama nyingi ya kutoa mafuta. Mti wenyewe ni wa Afrika, nao hupenda joto na mvua kuliko mwingine wowote niliokuwa nimeubeba katika sanduku langu. Nilirudi na mche mmoja, ingawa ua wangu ni mdogo.

Waridi la tatu lilikuwa bado linapumua ndani ya kopo, chini ya upenu. Dada yangu alipokuja kunitembelea nilimpa, akalirudisha Lubumbashi. Mwezi wa saba aliniandikia kwamba limechanua, maua mawili.