Mbalamwezi Hakuna Dagaa

Kijana aliyetusomea wazo lake la filamu pale Nyegina, jirani na mji wa Musoma, alikuwa amelipenda mno. Baba yake, mvuvi, alizama ziwani. Filamu ingefunguka kwa mtumbwi wa dagaa ukielea chini ya mwezi mpevu.

"Kaka, mbalamwezi hakuna dagaa," akasema binti aliyekaa nyuma. Na ndivyo: dagaa wa Ziwa Viktoria huvuliwa usiku wa giza, wakifuata mwanga wa taa, mwezi ukipevuka, taa hupoteza nguvu na wavuvi hupumzika. Wenzake wakacheka.

Swali la pili halikuchekesha. Baba alipozama, nani aliwalisha? Kijana akanyamaza, kisha akajibu: mama, kwa kuanika dagaa mchangani. Katika muswada mama huyo hakuwamo.

Sisi wa visiwani tuna ada ya kulisomea baraza shairi kabla halijatoka. Filamu nayo ina mabaraza yake: mwaka 2004 Mira Nair aliasisi Maisha, Kampala, ambako vijana wa Afrika Mashariki walifundwa na mabingwa. Lakini bingwa atokaye mbali angenyoosha mpangilio tu. Mwezi ule, nadhani, angeuacha uwake.

Sasa filamu inaanzia ufukoni: dagaa wametandazwa, wingu linapanda, mama anakadiria muda wa kuwazoa. Usiku wa baba kijana alikataa kuufuta, na wenzake hawakumshurutisha. Ameuweka mwishoni: giza, na taa moja ikienda mbali.