Mgeni siku ngapi? Safari ya muhuri, kutoka Nakuru hadi Busia

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Msomaji, ukichunguza sheria za uhamiaji za siku hizi utaona kwamba serikali zetu zimeipindua methali hiyo. Mgeni anaweza kupewa siku nyingi, hata miezi, lakini jembe haruhusiwi kulishika. Kibali cha mgeni ni cha kutembea, kutalii au kuona jamaa, na anayetaka kuajiriwa sharti atafute kibali kingine. Siku zake huandikwa ndani ya muhuri mdogo unaogongwa kwenye pasipoti.

Je, wewe unayepokea wageni kila Desemba umewahi kuusoma muhuri huo? Mimi sikuwa nimewahi. Uzembe huo ulinitoa nyumbani Nakuru alfajiri moja na kunifikisha Busia, nikiwa na mama wa miaka 62 ubavuni.

SIKU NNE TU

Ilikuwa mwaka 2023. Mama yangu aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Alipotoka hospitalini alihitaji mtu wa kumwinua, kumlisha na kumliwaza, na sisi watoto sote tuna kazi. Dada yake mdogo, aishiye Tanga, hakungoja kuombwa. Alifunga mzigo, akapanda basi, akavuka mpaka wa Horohoro na Lunga Lunga, na siku ya pili alikuwa mlangoni kwetu. Siku ya tatu, kama methali isemavyo, alijitwalia jembe mwenyewe na kuanza kupalilia sukumawiki nyuma ya nyumba.

Wiki zilipita. Jioni moja alinipa pasipoti yake nimhifadhie kabatini. Nikaifungua kwa udadisi tu. Muhuri ulisema amepewa mwezi mmoja, na siku zilizosalia zilikuwa nne.

“Mama mdogo,” nikamwuliza, “mpakani walikuuliza nini?”

“Waliniuliza nitakaa muda gani, mwanangu. Nikawaambia mwezi mmoja. Nilidhani mgonjwa atakuwa amepona.”

Basi hapo ndipo penye fundisho la kwanza. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, inasema kwamba mwananchi wa nchi mwanachama akizuru nchi nyingine mwanachama aweza kupewa kibali cha kukaa hadi miezi sita. Angalia neno hilo “hadi”. Haina maana kwamba kila mtu hupewa miezi sita. Mama mdogo aliomba mwezi, akapewa mwezi. Hakuna aliyemdhulumu.

Na kukaa kupita siku ulizopewa si jambo la mzaha. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya Kenya ya mwaka 2011 inaweka faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili kwa pamoja, kwa mtu anayepatikana na hatia ya kuwa nchini bila kibali. Nilipomsomea mama mdogo maneno hayo aliweka sufuria chini na kukaa kitako.

USHAURI WA MTAANI

Mtaani kwetu kila mtu ni wakili. Jirani mmoja aliyewahi kufanya kazi na wageni wa kujitolea huko Gilgil alikuwa na jibu tayari. “Nendeni Busia, mnywe chai upande wa Uganda, mrudi. Muhuri mpya, siku mpya.” Alisema Wazungu wengi wa Naivasha na Nakuru hufanya hivyo.

Nami, kwa hofu, sikuuliza zaidi. Mama tulimwacha na jirani huyo huyo, tukaondoka saa kumi na moja alfajiri.

Ukitoka Nakuru kuelekea magharibi utapita Salgaa, ambako malori huegeshwa mistari kwa mistari na madereva hunywa chai ya alfajiri. Kutoka hapo barabara hupanda hadi Mau Summit, na baridi yake hupenya koti. Hapo njia hugawanyika: mmoja huenda Eldoret, mwingine Kericho. Sisi tulishika ya Kericho, na jua lilipochomoza tulikuwa katikati ya mashamba ya majani chai yaliyotandazwa kama zulia la msikitini. Mama mdogo, aliyezoea minazi na michungwa ya Tanga, alibandika uso kwenye kioo. “Na hii chai yote nani anainywa?” aliuliza, matatu nzima ikacheka.

Kutoka Kericho gari huteremka hadi Ahero penye mashamba ya mpunga, na joto hukupokea kama mtu aliyefungua tanuri. Kisha Kisumu, kisha Maseno unapovuka mstari wa ikweta, kisha Ugunja, hatimaye Busia. Ni kilomita 300 hivi kutoka Nakuru. Tulifika saa saba mchana, viungo vimekaza.

MPAKA ULIOHAMA

Njiani nilimsimulia mama mdogo kisa ambacho vijana wengi wa Nakuru hawakijui. Reli kutoka Mombasa ilipofika Nakuru mwaka 1900, mahali hapo hapakuwa Kenya. Nakuru na Naivasha zilihesabiwa kuwa sehemu ya himaya ya Waingereza ya Uganda. Mwaka 1902 ndipo Waingereza walipolikata jimbo la mashariki la Uganda na kuliunganisha na himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye iliitwa Kenya.

Fikiria, msomaji. Mfugaji aliyelala kando ya Ziwa Nakuru akiwa Uganda aliamka akiwa nchi nyingine, wala hakutembea hatua moja. Mpaka ulimpita yeye akiwa amelala. Leo ni sisi tunaosafiri saa nane kuufuata mpaka huo ili tugongewe muhuri.

Hata ndege wetu maarufu hawaelewi jambo hili. Flamingo wanaoipamba Nakuru, na ambao wengi wao walihamia Bogoria maji ya Ziwa Nakuru yalipofurika katika miaka ya 2010, huanguliwa kwa wingi katika Ziwa Natron, Tanzania. Huzaliwa kwa mama mdogo na kulishwa kwetu, wala hakuna anayewauliza watakaa siku ngapi.

DIRISHANI

Busia ni mji mmoja wenye majina mawili ya nchi. Inasemekana neno bodaboda lilizaliwa mipakani humu, wakati vijana walipobeba abiria kwa baiskeli kati ya kituo cha Kenya na cha Uganda. Zamani ulipanga foleni upande huu ukagongewa kutoka, ukatembea na mzigo wako, ukapanga foleni nyingine upande wa pili. Tangu kituo cha pamoja kilipozinduliwa rasmi mwaka 2018, mambo yamerahisika. Uendapo Uganda, maafisa wa nchi zote mbili hukuhudumia katika jengo la upande wa Uganda. Urudipo, hukuhudumia katika jengo la upande wa Kenya.

Tulivuka bila taabu. Tukala matoke na maharage, tukanywa chai. Mama mdogo alinunua kitenge. Nusu saa baadaye tulikuwa tumerudi, tumesimama mbele ya dirisha la Kenya, na hapo ndipo moyo wangu ulipoanza kwenda mbio.

Afisa, kijana mwenye miwani, alipekua kurasa polepole. Aliona muhuri wa kutoka na wa kuingia, yote ya siku moja.

“Mama shikamoo. Umekaa Uganda muda gani?”

“Marahaba mwanangu. Nimekula chakula cha mchana.”

Akatabasamu kidogo, kisha akaacha kutabasamu. Akauliza anafanya nini Kenya. Anaishi wapi? Kwa nani? Je, ameajiriwa? Nilitaka kujibu kwa niaba yake, lakini alininyamazisha kwa mkono. Mama mdogo hakujua kudanganya. Alifungua mkoba, akatoa barua ya hospitali yenye jina la mama, na kusema: “Namuuguza dada yangu. Hajaweza kutembea. Nikiondoka hana mtu wa mchana.”

Afisa aliisoma barua yote, mpaka sahihi ya daktari. Foleni nyuma yetu ilikuwa inaguna. “Unahitaji muda gani?” aliuliza. Safari hii mama mdogo hakukadiria kwa haya. “Miezi mitatu, mwanangu.” Muhuri ukagongwa.

Alipokuwa akirudisha pasipoti alinigeukia mimi. Akanieleza, bila ukali, kwamba kibali cha mgeni huweza kuongezwa mtu akiwa hapa hapa nchini, mradi aombe kabla siku hazijaisha. Maombi hujazwa kwa kompyuta katika mtandao wa Idara ya Uhamiaji. Akasema pia kwamba si kila anayekwenda kunywa chai ng’ambo hurudi na siku mpya, kwani afisa ana haki ya kuuliza, kupunguza siku, au kumkatalia kabisa anayeona anaishi nchini kwa ujanja wa mihuri. “Nauli hii mngemnunulia mgonjwa dawa,” alimaliza.

Sikuwa na la kujibu.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Tulilala Kisumu usiku ule, na mama alikaa siku mbili bila sisi. Ndiyo gharama iliyoniuma kuliko nauli. Ili usije ukailipa wewe, nakuachia haya machache.

Kwanza, usome muhuri ukiwa bado dirishani. Kosa likionekana hapo hurekebishwa kwa neno moja. Sema ukweli kuhusu muda unaohitaji, na uwe na karatasi za kuuthibitisha: barua ya hospitali, ya chuo au ya mwenyeji wako. Beba pia kadi ya chanjo ya homa ya manjano, kwani huweza kuulizwa.

Pili, iwapo una mgeni kutoka nje ya Jumuiya yetu, jua kwamba Kenya iliacha kutoa viza za zamani na kuanza utaratibu wa idhini ya kusafiri ya kielektroniki Januari 2024. Kwa kawaida hupewa hadi siku 90, na akiomba nyongeza kwa wakati aweza kufikia miezi sita. Mwenye viza ya pamoja ya utalii ya Kenya, Uganda na Rwanda, iliyoanza mwaka 2014 kwa dola 100, asijidanganye. Aweza kuzunguka nchi hizo tatu, lakini siku zake 90 ni zile zile. Chai ya Busia haimwongezei hata moja. Tanzania haimo katika viza hiyo.

Tatu, wanafunzi mnaoota kwenda Ulaya, msiuchukue ujanja wa Busia mkadhani utafaa huko. Nchi 29 za Schengen huhesabiwa kama uwanja mmoja. Mgeni wa muda mfupi ana siku 90 katika kila siku 180, na kuvuka kutoka Ufaransa kwenda Ujerumani hakubadilishi hesabu. Hata akitoka nje ya nchi hizo zote akarudi kesho yake, zile siku alizokwisha kukaa bado zinahesabiwa.

Nne, kwa Mkenya anayetoka: tangu 2014 unaweza kwenda Uganda na Rwanda kwa kitambulisho chako. Tanzania hutaka pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Usifike Namanga na kitambulisho pekee ukaanza kulaumu watu.

Mama mdogo hakuzimaliza siku zake. Mama aliposhika mkongojo na kufika lango la nyumba bila kushikwa mkono, yeye alianza kukunja kanga zake. Tulimsindikiza sote hadi kituo cha basi, mama akiwa mbele, polepole, akikataa kusaidiwa. Kabla ya kupanda, mama mdogo alifungua pasipoti akanionyesha muhuri. “Hesabu,” aliniambia. Nikahesabu. Zilikuwa zimebaki siku 11.

Sukumawiki aliyoipalilia tuliichuma hadi Krismasi. Nawe msomaji, kabla ya kumkaribisha mgeni wako mezani jioni ya leo, mwombe kwanza pasipoti yake, uisome.