Kabla Hujamzika Yatima wa Kompyuta

Wasomaji wangu, kazi yangu ni kuzika. Si watu jamani, ni sesheni: ile nafasi unayofunguliwa kwenye seva ukishaingiza jina na neno la siri. Ofisini kwetu karani anatumia Windows, lakini mishahara iko kwenye seva ya Unix. Umeme ukikatika, mashine yake inazimika bila kuaga, na seva haina habari. Hata Linux, mdogo wake Unix, kwa kawaida hukaa saa 2 nzima ndipo iulize, “Bado upo?” Muda wote huo sesheni yatima imekumbatia faili, na karani akirudi halifunguki!

Vijana hukimbilia ishara namba 9. Hiyo inaua papo hapo, programu haipati hata nafasi ya kuhifadhi kazi. Mimi huanza na namba 15, inayobisha hodi kwanza: hifadhi, funga, ondoka. Na kabla ya hiyo napiga simu. “Mama, hii ni yako?” Siku nyingine najibiwa, “Usiiguse mwanangu, nakunywa chai tu!” Angeizika mtu hapo, mishahara ya watu ingeanza upya. Ulizeni kwanza, jamani. Wiki njema!