Cheche ya Jirani

Wahenga walinena kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Katika mji wa Busia, ambao mpaka umeugawa sehemu mbili, moja Kenya na nyingine Uganda, methali hii niliiona ikitendeka hata hewani. Enzi ya televisheni ya analogia, antena zetu zilisimama juu ya milingoti mirefu kupita mapaa. Tuliigeuza huku tukiitafuta Nairobi, tukaigeuza kule tukiitafuta Kampala. Mawimbi ya pande zote mbili yalitufikia yakiwa yamechoka kwa safari, na ndiyo sababu yalishindwa kwa urahisi na randa ya umeme ya jirani.

Fundi seremala alipoiwasha randa hiyo, au keekee ya umeme, uso wa msomaji habari ulijaa vitone na mistari iliyokatikakatika. Malaba, ambako malori hupanga foleni kuvuka mpaka, lawama ziliwaangukia mafundi wa kuchomelea vyuma. Sisi tulisema tu kwamba picha imeharibika. Wenzetu wa Tanzania wana neno lenye ladha zaidi: chenga. Neno hilo pia ni punje za mchele zilizovunjika, na tena ni ujanja wa mchezaji anayemhepa mpinzani wake.

Chenga za aina zote zilikutana Ijumaa, tarehe 31 Mei 2002. Senegali ilicheza na Ufaransa, bingwa wa dunia wakati huo, katika mechi ya ufunguzi wa Kombe la Dunia mjini Seoul. Kwetu ilikuwa saa nane na nusu mchana, wakati wa kazi. Tulijazana katika ukumbi wa video tukiwa tumelipa kiingilio. Bao la Papa Bouba Diop la dakika ya 30 tulilisikia, hatukuliona. Watu walitoka kwa hasira hadi karakana ya jirani. Mmoja alidai kwamba fundi ana husuda. Mwingine alishikilia kuwa Kampala inaziba mawimbi ya Nairobi.

Fundi hakupandisha sauti. Alituonyesha mbao zilizokuwa mbele yake. Lilikuwa jeneza, na mwenyewe alikuwa azikwe kesho yake, ng'ambo ya pili ya mpaka.

"Wanangu," alisema, "maiti haingoji kipenga."

Hapakuwa na wa kumjibu. Baada ya kimya kirefu, vijana watatu waliomba randa za mkono na msasa, fundi akaizima mashine. Kipindi cha pili tulikiona vizuri, na Senegali ikashinda bao 1 kwa 0. Wale watatu walisimuliwa.

Utu wao ulituliza ugomvi siku ile, lakini Jumatatu chenga zilirudi, kwa kuwa hakuna aliyejua chanzo chake. Ndani ya mota ya randa kuna vipande vya kaboni viitwavyo brashi, vinavyosuguana na sehemu inayozunguka na kutoa cheche. Kila cheche huzaa mawimbi ya redio. Heinrich Hertz alitumia cheche za namna hiyo kuyathibitisha mawimbi hayo nchini Ujerumani kati ya mwaka 1886 na 1888. Kwa maneno mengine, fundi wetu alikuwa mtangazaji asiyejijua, naye alikuwa karibu nasi kuliko Nairobi. Mawimbi yake yalisafiri hewani na kupitia nyaya za umeme tulizochangia. Sauti ilinusurika kwa sababu ilibebwa na mabadiliko ya masafa ya wimbi, ilhali picha ilitegemea ukubwa wa wimbi, na ukubwa huo ndio ulioparaganywa na cheche.

Dawa yake haikuwa ghali. Brashi zilizochakaa hutoa cheche nyingi zaidi, hivyo zibadilishwe. Na kapasita ndogo ndani ya mashine hupunguza mawimbi hayo kabla hayajatoka. Kamati ya kimataifa iitwayo CISPR, iliyoanza mwaka 1934, huweka viwango vya jambo hili. Lakini elimu hiyo ilikaa katika vitabu vya lugha za mbali. Kati ya fundi na watazamaji palikosekana maelezo ya Kiswahili, na pengo hilo likajazwa na tuhuma za husuda.

Kenya ilikamilisha kuhamia dijitali mwaka 2015. Sasa cheche ikizidi nguvu, picha hugandamana au hukatika vipande, na sauti nayo hupotea. Tuhuma hazihitaji analogia ili ziishi.

Ndugu msomaji, katika vyama vyetu tumejadili sana istilahi za sayansi, na mara nyingi tumeziacha mezani. Naomba istilahi hizo zitoke hadi karakana. Karatasi moja ya Kiswahili sahili, yenye mchoro wa brashi na kapasita, ikibandikwa katika maduka ya vifaa vya umeme ya Busia na Malaba, itasomwa na watu wa pande zote mbili za mpaka.