Kabla Hujaamua Kuhusu Mwaka wa Kujitolea

Leganga, Usa River

Mwanangu mpendwa,

Mvua za vuli bado hazijaanza, ila Mlima Meru unafunikwa na mawingu kila asubuhi na bibi yako anasema hazitachelewa. Baba yako ameniambia umerudi salama kutoka JKT, tunamshukuru Mungu. Ameniambia pia kwamba unasitasita kuhusu mwaka wa kujitolea kufundisha. Unaona wenzako wanaomba mkopo Bodi ya Mikopo, wanapata nafasi za vyuo Dodoma na Dar es Salaam, nawe unahofia kupitwa.

Ndiyo sababu mimi shangazi yako nimeshika kalamu. Sikuandikii kukulazimisha, maana umeshakuwa mtu mzima. Nataka tu uamue ukijua mwaka huo unamfikia nani. Wewe umeuona ukiwa mwanafunzi wa St Jude. Mimi nauona nikiwa mwalimu wa shule ya kata, na huku kuna mambo ambayo pengine hujayasikia kwenye hotuba za mahafali.

Historia ya shule yako unaijua. Ilifunguliwa Moshono mwaka 2002 ikiwa na wanafunzi 3 na mwalimu 1. Mwanzilishi wake, Gemma Sisia, binti aliyekulia shambani Australia, aliolewa huku kwetu, na baba mkwe wake akatoa ardhi ya kujengea. Fedha zilitoka kwa watu wa kwao, wengi wao watu wa kipato cha kawaida, na Rotary ya Armidale ikasaidia majengo ya mwanzo. Leo wanafunzi wamepita 1,800. Kuna kampasi ya hapa Usa River uliposomea sekondari, na tangu 2020 kuna shule ya sekondari ya wasichana. Hakuna mzazi anayelipa ada. Jambo hilo ni kubwa, na sitaruhusu mtu alidharau mbele yangu.

Lakini fikiria siku ya kuchagua wanafunzi. Wazazi wanafika getini kabla hakujapambazuka, wengine wametoka mbali, mtoto amevalishwa sare iliyofuliwa usiku. Watoto wanapimwa kusoma na kuandika. Wanaofaulu wanatembelewa nyumbani, inaangaliwa nyumba, inaulizwa familia inaishi kwa nini. Anayechukuliwa ni yule ambaye akili anayo na uwezo nyumbani hakuna. Utaratibu huo ni wa haki, kwa sababu bila huo nafasi zingeishia kwa watoto wa wenye nazo. Hata hivyo nafasi ni chache na foleni ni ndefu. Wengi wanapanda Hiace na kurudi nyumbani siku hiyohiyo.

Watoto hao hawapotei. Wanakua, wanamaliza darasa la saba, kisha wanakuja kwetu. Ndio wanafunzi wangu.

Usidhani serikali imekaa bure. Tangu Januari 2016 ada ya sekondari za kutwa, iliyokuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, imefutwa kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne, na mwaka 2022 kidato cha tano na sita navyo vikafuata. Madarasa yamejaa tangu hapo, na hiyo ni habari njema. Ila mama anayefanya kibarua kwenye mashamba ya maua hapa Usa River bado anatafuta hela ya sare, viatu, madaftari, nauli na chakula cha mchana. Na hata akivipata vyote, kuna kitu kimoja asichoweza kukinunua dukani, nacho ni mwalimu wa hisabati. Walimu wa sanaa tunao. Wa hisabati, fizikia na kemia ndio wa kutafuta kwa tochi. Unakuta mmoja anabeba mikondo yote, akiugua vipindi vinalala.

Hapo ndipo mwaka wenu unapoingia. Tangu kundi la kwanza la kidato cha sita lilipohitimu pale kwenu mwaka 2015, wahitimu wamekuwa wakipelekwa kufundisha katika shule za serikali, hasa hisabati na sayansi, na anayemaliza mwaka wake anaweza kuomba ufadhili wa chuo. Kwenye karatasi hilo linasomeka kama sharti la kupata msaada. Darasani nimeliona kwa sura nyingine.

Nilishuhudia kijana mmoja wa kwenu aliyepangiwa kwetu. Alipewa kidato cha kwanza, mada ya namba kamili, ile inayowaangusha kila mwaka kwa sababu ya alama ya kutoa. Aliwatoa wote nje barazani. Akachora mstari mrefu sakafuni kwa chaki, sifuri katikati, namba chanya kulia, hasi kushoto. Kila mmoja akaitwa: simama kwenye hasi tatu, ongeza tano, tembea. Waliokosea walirudi na kutembea tena, na wenzao wakiwahesabia hatua kwa sauti. Aliwaeleza kwa Kiswahili mpaka wakaelewa, kisha akawapa maneno ya Kiingereza watakayokutana nayo kwenye mtihani. Kengele ikagongwa, hakuna aliyetaka kuondoka.

Baadaye msichana mmoja alimfuata akamuuliza kama kweli alisoma St Jude. Aliposema ndiyo, yule binti akamwambia naye aliwahi kupanga foleni pale, hakubahatika. Kijana hakumpa maneno ya kumpoza. Alimwambia alete daftari lake kesho mapema. Wakawa wanakutana asubuhi kabla ya kwenda mstarini, yule binti na wenzake wachache waliojiunga, wakipitia maswali ya siku iliyotangulia. Yule msichana sasa yuko mchepuo wa sayansi.

Mwanangu, hili ndilo ninalotaka ulipime. Mfadhili wako alikuchagua wewe mmoja, naye hakuwa na njia ya kuwachukua wote. Wewe unayo njia ya kuwafikia wale walioachwa, maana unajua wanachokosa na unajua walikotoka. Umelelewa kuandika barua za shukrani kwa wafadhili, na ni adabu njema, usiiache. Ila ukisimama mbele ya kidato cha pili kule ambako hakuna mwalimu wa fizikia, msaada uliopewa unakuwa umevuka geti. Shirika lolote linalosomesha watoto wachache kati ya wengi lina swali la kujibu kuhusu wale wengi. Mwaka wa kujitolea ndio jibu bora nililowahi kuliona, na linajibiwa na vijana kama wewe.

Wala si jambo geni kwetu Wameru kwamba wengi wachange ili mmoja aende kwa niaba yao. Mwaka 1951 familia za Engare Nanyuki zilipofukuzwa kwenye ardhi yao, wazee walichanga hela, na mwaka 1952 mjumbe wao, Kirilo Japhet, akafika New York kuzungumza Umoja wa Mataifa. Ardhi haikurudishwa kwa safari ile. Lakini dunia ilisikia, na kila aliyechanga alijua Kirilo hakwenda kwa ajili ya nafsi yake. Nawe umesomeshwa kwa michango. Jiulize unasimama kwa niaba ya nani.

Kuhusu hofu yako ya kupitwa, sitakudanganya, utaingia chuo mwaka mmoja nyuma ya wenzako. Lakini utaingia ukiwa umejifunza kusema mbele za watu, kupanga kazi yako, na kujua somo lako mpaka chini, maana hakuna kinachokuonyesha usichokielewa kama kumfundisha mwingine. Na utakuwa unawatumikia watu wa kwenu, nao wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa.

Ukikubali, shika mambo haya kutoka kwa shangazi yako. Andaa andalio la somo kila siku, hata kama hakuna anayelikagua. Jua kwamba kuanzia kipindi cha sita wengi wana njaa, kwa hiyo mambo magumu yafundishe asubuhi. Msichana akikosa siku kadhaa kila mwezi, usimfokee. Mwone mwalimu wa malezi, mara nyingi tatizo ni taulo za kike. Fimbo usiiguse. Ukitaja maisha yako, usiyataje kana kwamba bidii peke yake ilikufikisha hapo, kwa sababu mbele yako wamo wenye bidii kukuzidi waliokosa nafasi tu. Na usiwaahidi kuwatafutia wafadhili. Waahidi kuingia darasani kwa wakati, kisha uingie.

Waheshimu pia walimu utakaowakuta. Wengine wamefundisha miaka mingi na mshahara wao unaujua. Waulize, wasikilize, na ukitaka kujaribu jambo jipya mwone kwanza mwalimu wa taaluma.

Hapa kwetu kidato cha pili wanajiandaa na upimaji wa kitaifa wa Novemba, na Januari tutapokea kidato cha kwanza kipya ambacho hakijui bado nani atakifundisha hisabati. Shule nyingi za wilaya hii ziko hivyohivyo. Zungumza na baba na mama, omba, lala nalo siku mbili tatu, kisha uniandikie uamuzi wako. Ukiwa ndiyo, vitabu vyangu vya kiada na vile vya maswali ya miaka iliyopita vinakusubiri. Nimeviweka pamoja, njoo uvichukue Jumamosi yoyote.

Wasalimie wote.

Akupendaye,
Shangazi yako